“Kwani mimi ni mtoto wa nani?”

Shikamoo mama.

Barua hii nimeiandika mara mbili nikaichana. Hii ni ya tatu, na leo naituma kabla sijaisoma tena.

Nina miaka 36, nimeolewa, nina watoto wawili, binti wa miaka 9 na mvulana wa miaka 4. Kwa miaka mitatu sasa najitolea kuongoza kazi za mikono katika shule ya Biblia ya likizo kanisani kwetu. Ni siku tano tu, asubuhi hadi mchana. Watoto huwa kama 60, wadogo kabisa wana miaka 4 na wakubwa 12. Wanasikiliza hadithi, wanaimba, wanacheza, halafu wanaletwa kwangu kundi kwa kundi, dakika 40 kila kundi, tutengeneze kitu kinachoendana na hadithi ya siku hiyo. Siku ya Nuhu tunatengeneza safina ya boksi, siku ya Yusufu kanzu ya karatasi za rangi.

Mama, naipenda kazi hii, nisikudanganye. Mwaka jana kulikuwa na mtoto ambaye siku mbili nzima hakufungua mdomo. Siku ya tatu alinivuta sketi anionyeshe samaki wake. Alikuwa amempaka rangi nyeusi mwili mzima, hata jicho halionekani. Nikamuuliza samaki huyu ana nini. Akaniambia, “Ameshiba Yona, amelala.” Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi. Kwa ajili ya dakika kama hiyo niko tayari kukata karatasi mwaka mzima.

Na kweli nakata. Mume wangu husema hizo siku tano zinakula miezi miwili, na hajakosea. Kila mtoto namwandalia kifurushi chake, vipande vimeshakatwa, vimeshatobolewa, kamba imo, macho ya kubandika yamo. Dakika 40 hazitoshi kuanza mwanzo, na sipendi mtoto arudi nyumbani mikono mitupu au na kitu nusunusu. Piga hesabu, watoto 60 mara siku tano ni vifurushi 300. Meza yetu ya chakula haionekani. Tunakula sahani zikiwa mapajani.

Sasa nikueleze kilichonifanya niandike. Jumanne moja usiku mwezi uliopita nilikuwa nakata mabawa ya malaika. Karatasi ya dhahabu ilikuwa inakaribia kwisha, nami nilikuwa nimechoka. Binti yangu akaja, akasimama, akaangalia, kisha akachukua bawa moja akalishika begani kwake kama anajipima. Nilimpiga kofi la mkono. Nikamwambia, “Usiguse! Hivyo ni vya watoto wa kanisani!” Alilirudisha bawa polepole, akajifuta vidole kwenye gauni, akaniuliza, “Kwani mimi ni mtoto wa nani?”

Hakuwa analia wala hakupandisha sauti. Nilimwambia akalale.

Wiki mbili baadaye alimwambia baba yake, si mimi, kwamba mwaka huu hataki kwenda shule ya likizo. Hapo nikakumbuka mengine niliyokuwa nimeyapuuza. Mwaka jana tukiwa njiani kurudi aliniambia, “Mama, sauti yako ya kanisani ni nzuri.” Nilidhani ananisifu. Ukweli ni kwamba kule gundi ikimwagika nasema hakuna shida mpenzi, tutafuta. Nyumbani maji yakimwagika, majirani wanajua.

Sijamnyima kitu kwa makusudi. Pale darasani namhudumia wa mwisho ili watu wasiseme napendelea wangu. Kazi yake ikitoka nzuri siibandiki ukutani, kwa sababu hiyo hiyo. Nilidhani anaelewa. Na mengi nimejifunza kwake. Yeye ni wa mkono wa shoto, na mwaka wa kwanza nilimwona akihangaika, ndipo nikatambua kwamba mkasi wa kawaida ukishikwa kwa shoto unamficha mtoto mstari anaoufuata, na karatasi inajikunja kati ya makali badala ya kukatika. Nikatafuta mikasi mitatu ya shoto. Imo kwenye sanduku la kanisa, na kila mwaka inawafaa watoto.

Zimebaki wiki nne. Jina langu limeshasomwa kwenye matangazo Jumapili mbili, wala sikuulizwa, wamezoea tu. Mume wangu anasema niache. Rafiki yangu anasema ni wivu wa kitoto, utapita. Mzee mmoja wa kanisa aliponiona nimenyong’onyea aliniambia kazi ya Mungu haina likizo. Nami naona nikiacha itakufa, maana mwaka jana nilipougua siku moja tu, watoto walipewa karatasi tupu wakachora basi. Niliposikia niliona aibu.

Lakini tangu usiku ule, kila nikishika mkasi nalisikia lile swali. Niache au niendelee? Na nikiendelea, nimjibu nini mwanangu?

Mama Mikasi

*

Marahaba, mwanangu. Barua imefika, na nashukuru hukuichana.

Nianze kwa kukueleza nilivyokuelewa, unisahihishe palipo na kosa. Una kazi ya kujitolea unayoipenda na unayoiweza. Kazi hiyo imekua mpaka imekaa kwenye meza mnayolia chakula. Usiku mmoja wa uchovu umemwambia binti yako neno ambalo hukulipanga, naye akakuuliza swali ambalo hukulitarajia. Sasa umeligeuza swali lake kuwa hukumu, na hukumu hiyo umeipa milango miwili tu, kuacha au kuendelea. Mimi sina hakika kwamba binti yako alikuwa anazungumzia shule ya likizo hata kidogo. Hebu twende taratibu.

Unasema hakulia wala hakupandisha sauti. Mtoto wa miaka 9 anaweza kuuliza “kwani mimi ni mtoto wa nani” kwa uchungu, anaweza kuuliza kwa kejeli, na anaweza pia kuuliza kwa sababu maneno yako hayakumwingia akilini. Fikiria anavyoona yeye. Anasali kanisa hilo. Amekuja kwenye darasa lako miaka mitatu. Kama mabawa ni ya watoto wa kanisani, basi na lake lilikuwamo kati ya yale uliyokuwa unakata. Kwa hesabu ya kitoto, swali lake lina akili sana. Sisemi halikuwa na maumivu. Nasema wewe, mumeo na rafiki yako mmeshalitafsiri kila mmoja kivyake, na katika barua nzima sioni mahali ambapo yeye mwenyewe ameulizwa.

Rafiki yako anauita wivu. Huenda upo kidogo, si dhambi. Lakini tazama na haya uliyoyaandika mwenyewe. Anahudumiwa wa mwisho. Kazi yake haibandikwi hata ikiwa nzuri. Wewe ulikuwa unalinda haki mbele za watu, na nakuelewa, maana watu wana macho na midomo. Ila mtoto wa mwalimu hujikuta analipa gharama ya haki hiyo peke yake. Wenzake 59 wakienda nyumbani wanamkuta mama wa kuwasifia kazi zao ukutani. Wake yuko pale pale darasani, na ameamua kutoona. Pengine anaposema hataki kwenda hakukatai wewe. Pengine amechoka kukosa mama kwa saa nne akiwa anamwona.

Na hiyo sauti ya kanisani. Umeisoma kama aibu, mimi nikaisoma mara ya pili nikatabasamu, maana ni koo lile lile. Mtoto ameisikia na ameipenda, amekuambia wazi kwamba anajua unayo. Usijilinganishe vibaya hapa. Watoto wa kanisani unakutana nao wakiwa wameshaogeshwa na mtu mwingine, wamelala usingizi wa kutosha, na baada ya dakika 40 wanaondoka. Hakuna mzazi mwenye sauti ya darasani saa ishirini na nne. Kama ungeniambia unaitumia kanisani tu na nyumbani hakuna hata chembe, ningeshtuka. Lakini aliyesema “hakuna shida mpenzi” ni mtu mmoja na huyu aliyeniandikia, na huyu alipokuwa anaandika alikuwa amechoka vibaya.

Uchovu huo ndio ningependa tukae nao kidogo. Siku tano hazijakuchosha. Kilichokuchosha ni vifurushi 300.

Nikuulize bila kukulaumu, nani alisema lazima viwepo? Unaandika kwamba hupendi mtoto aondoke na kitu nusunusu. Lakini mtoto uliyemkumbuka kuliko wote, yule wa samaki, hakukufurahisha kwa usafi wa kazi yake. Alimpaka samaki rangi nyeusi mpaka jicho likapotea. Na mwaka jana ulipougua, watoto wakapewa karatasi tupu wakachora, ni wewe uliyeona aibu. Hujaniandikia kwamba watoto walilalamika. Ningekuwa wewe ningemuuliza aliyekuwepo siku ile, watoto walionekanaje?

Friedrich Froebel, yule Mjerumani aliyefungua shule ya watoto wadogo mwaka 1837 na baadaye kuipa jina la “bustani ya watoto”, aliwapa karatasi wazikunje wenyewe, wazisuke, wazitoboe. Kazi yenyewe ya vidole ndiyo ilikuwa somo. Ukishamkatia mtoto kila kipande, kinachobaki ni kubandika tu, na hapo mwenye kazi ya mikono ni wewe. Mtoto wa miaka 4 akirarua karatasi za rangi vipande vipande na kuvibandika, dakika 40 zinamwishia, na vidole vyake vimepata mazoezi mazuri kuliko kupokea bawa lililokwisha kukatwa. Wa miaka 8 anaweza kukata mwenyewe, kombokombo, sawa. Wa miaka 11 ukimpa boksi, kamba na swali, “Safina ingefungwaje mlango?”, utamsahau hapo.

Njia hiyo ina gharama zake, nisikufiche. Kazi zitatoka mbaya kwa macho ya watu wazima. Wapo wazazi waliozoea malaika wako wa dhahabu watakaouliza mwaka huu kumetokea nini, na jina lako la fundi litapungua kidogo. Uchafu sakafuni utaongezeka. Wapo pia watoto ambao ukiwawekea karatasi tupu wanaganda, hao wanahitaji pa kuanzia, mstari mmoja au umbo moja. Na wewe mwenyewe huenda ukakosa ile raha ya kukata usiku nyumba ikiwa kimya. Sijui kama umewahi kujiuliza, sehemu gani ya vifurushi ni ya watoto na sehemu gani ni yako. Ikiwa nusu ni yako, si kosa, ila ni vizuri kuijua.

Sasa tuangalie kuacha, maana mumeo amelipendekeza na ana sababu, anakula sahani ikiwa mapajani. Ukiacha leo utapata meza yako, na usingizi. Jambo moja tu linanitia wasiwasi. Mtoto wa miaka 9 akiona kwamba neno lake moja limemtoa mama kwenye kazi anayoipenda, na Jumapili akasikia watu wakiuliza mbona mama yako ameacha, anaweza kujibebesha mzigo ambao hakuuomba. Kama utaacha, basi ajue kwa kinywa chako kwamba umeamua wewe kwa sababu zako. Tena muda utakaobaki hautajigeuza wenyewe kuwa upole. Nimewaona walioacha kila kitu wakarudi nyumbani wakiwa na hasira ya walichokiacha.

Ipo pia njia ya kugawana. Kila anayehubiri juu ya kugawana kazi humtaja Yethro, mkwewe Musa, aliyemkuta akiwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni akamwambia hilo si jambo jema. Kitu ambacho mahubiri huwa yanakiruka kiko mistari michache kabla, katika sura hiyo hiyo ya 18 ya Kutoka. Yethro hakuja peke yake. Alikuja na Sipora, mke wa Musa, na wanawe wawili, Gershomu na Eliezeri, waliokuwa kwake. Aliwaleta watoto kwa baba yao kwanza, kesho yake ndipo akasema habari ya kazi. Na Musa hakuacha kazi, aliweka watu wa kusaidia. Yule mzee wako wa kanisa ukikutana naye tena, muulize aliisoma lini mara ya mwisho.

Kwa wiki nne zilizobaki, kugawana kunaweza kuwa kumpata mtu wa kuchukua siku mbili kati ya tano, au wa kuchukua kundi la wadogo. Unaweza pia kubaki wewe ni wa kupanga na kuelekeza tu. Hatari yake ni kwamba hutavumilia. Utamwona anabandika vibaya, utaingilia, na mwisho utakuwa na kazi yako pamoja na ya kumsimamia. Kama ukikabidhi, kabidhi yale ambayo hayana mzaha: kila kundi liwe na watu wazima wawili, asibaki mtu mzima peke yake na mtoto, gundi ya moto ishikwe na wakubwa tu, shanga na vifungo visifikiwe na wale wadogo wanaojipenyeza nyuma ya dada zao, na wanaojulikana kuwa na mzio waandikwe. Hayo yaandike. Rangi ya mabawa waachie.

Ama kwamba ukiacha itakufa, sidhani. Mwaka 1898 huko New York, mama mmoja aitwaye Hawes alikodi ukumbi wa baa ili watoto waliokuwa wakizurura mitaani wakati wa likizo wapate mahali pa kujifunza Biblia. Hayupo siku nyingi, na shule za likizo zipo. Lakini kunaweza kufa kitu kingine, nacho ni jinsi unavyoifanya wewe. Kusikitikia hicho ni halali.

Huenda mtu atakushauri umfanye binti yako msaidizi, avae beji, agawe gundi. Nami lilinijia. Linaweza kumpendeza sana. Linaweza pia kuwa njia ya kumrudisha mlangoni ili wewe usijisikie vibaya, na akawa mfanyakazi wako badala ya mtoto wako. Usimpe kabla hujamsikiliza. Akisema bado hataki kwenda, jaribu kuliacha neno lake lisimame siku kadhaa bila kulipinda.

Maana mazungumzo na yeye hayakwepeki, uache au usiache. Kofi la mkono liombee radhi peke yake, bila zawadi na bila “lakini nilikuwa nimechoka”. Kisha mwambie lile swali lake hukulijibu, na umeendelea kulifikiria. Usilijibu wewe kwanza. Muulize alikuwa anataka kujua nini. Fanyeni hivyo mkiwa mnafanya jambo jingine, mnatembea au mnakunja nguo, watoto wa umri huo huwa wanasema vizuri wakiwa hawatazamwi usoni. Jiandae anaweza kukuambia nataka uache. Anaweza pia kusema “sijui”, akaondoka, ukabaki na nguo mkononi. Hata hiyo “sijui” ni mwanzo, kama utarudi tena siku nyingine.

Kitu kimoja nimekiona pembeni. Mwanao wa miaka 4 umemtaja mara moja tu, mstari wa kwanza, basi. Mwaka huu na yeye ametimiza umri wa kuja. Atakukuta ukiwa Mwalimu, na atajifunza kwa dada yake mtoto wa Mwalimu anakaaje. Silifanyi kuwa kosa jingine la kubeba. Nimeona tu kwamba wako kwenye kundi hilo hivi karibuni watakuwa wawili.

Nami nina swali, dogo, limenikaa tangu niliposoma barua yako mara ya kwanza. Mikasi ya shoto ni mitatu, umesema, na yote imo kwenye sanduku la kanisa. Nyumbani binti yako anakatia nini?